Siku Niliyokaa Golini

Siku timu yetu ya reli ilipofungwa Buigiri, mimi ndiye niliyekuwa golini, na bao la kwanza liliingia nikiwa nimekaa. Sisemi nilikuwa nimeanguka au nimepiga goti. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, karibu na mti wa goli wa kushoto, nikimenya karanga. Wengi walioliona jambo hilo wamekwisha kufa, na wajukuu wangu wakilisimulia wanalitia chumvi mpaka silitambui tena. Kwa hiyo nimeona niliandike mwenyewe lilivyokuwa, pamoja na yaliyofuata, maana yaliyofuata ndiyo ninayoyaonea fahari mpaka leo.

Nilizaliwa Chamwino, katika tembe ya baba yangu. Nilichunga ndama, kisha mbuzi, kisha ng'ombe. Mjerumani alipoleta reli katika nchi yetu nilikuwa kijana mwenye nguvu, na nilitaka kuliona gari moshi kwa karibu. Nikaenda Dodoma, nikaandikwa kwenye genge la kukaza mataruma na kusawazisha kokoto. Dodoma yenyewe wakati huo ilikuwa stesheni, boma, maduka machache ya Wahindi, na tembe zetu zilizotawanyika kwenye vumbi jekundu.

Timu ilianzia kwa karani wa stesheni. Alikuwa Mgoa kutoka Unguja, mwembamba, mwenye koti jeusi hata jua linapowaka, na katika sanduku lake alikuja na mpira wa ngozi. Jioni moja, tulipokuwa tumeketi kupumzika, aliutupa katikati yetu akasema, "Msishike kwa mkono. Mguu tu." Mtu mmoja akaupiga ukaangukia juu ya paa la bohari, na karani mwenyewe akapanda kuutoa, koti likipepea. Ndipo tulipoanza.

Yule aliyeupiga mpaka juu ya bohari ndiye aliyekuja kuwa nahodha wetu. Alikuwa Mnyamwezi, aliyefika nchi yetu zamani akiwa mpagazi wa misafara, na sasa kazi yake ilikuwa kutia kuni kwenye injini. Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana, na hakupenda maneno mengi. Sote tulimwita kaka, hata wale ambao huenda walimzidi umri. Mimi niliwekwa golini kwa sababu ya urefu, na kwa sababu karani alikuwa ameniona nikidaka kokoto. Pale kwenye genge tulikuwa tukirushiana kokoto wakati wa mapumziko, na sikuwa mtu wa kukosa. Mbele tulikuwa na Mrangi mmoja kutoka Kondoa, mchukuzi wa mizigo stesheni, ambaye akikimbia pembeni ya uwanja hakuna aliyemshika. Waliobaki walikuwa Wagogo na Wanyamwezi wa genge. Uwanjani tuliitana kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa nayo sote, hata kama wengine tulikuwa nayo kidogo. Mimi Kiswahili changu kingi nilijifunzia golini.

Tulicheza viangazi viwili bila kufungwa. Tuliwashinda vijana wa madukani, tukawashinda magenge ya stesheni nyingine, na tuliwashinda wanafunzi wa misheni ya Buigiri mara mbili. Lakini mchezo uliotupa jina ulikuwa ule wa askari wa boma. Ni lazima msomaji ajue askari walikuwa nani kwetu. Hao ndio waliokuja vijijini kuwakusanya watu kwa kazi za lazima, na hao ndio walioshika kiboko mtu alipohukumiwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Mtu akimwona askari njiani alitoka kando. Sasa tukaambiwa tucheze nao, na usiku wa kuamkia siku hiyo hatukulala vizuri. Nahodha alitukusanya akasema, "Uwanjani hawana kiboko. Mkumbuke hilo tu." Tulikimbia siku ile kama watu wanaofukuzwa, tukawafunga mabao mawili kwa moja, na watu wa Dodoma, waliokuja wakiwa kimya, waliondoka wakiimba. Tulingoja tuadhibiwe kesho yake. Badala yake shaushi wao, mkubwa wa askari wale, mzee mwenye makovu usoni, alikuja mpaka kwenye genge akampa nahodha mkono.

Baada ya hapo tuliharibika, ingawa hatukujua.

Zamani tulikuwa tukiamka alfajiri kabla ya kazi na kukimbia mpaka mashamba ya Makole na kurudi. Wa kwanza kuacha alikuwa Mrangi, akasema mguu unamuuma. Kisha wakaacha wawili, kisha watano. Nahodha alipouliza, tukamwambia, "Kaka, askari tumewafunga, tumkimbilie nani sasa?" Naye akacheka, akasema tupumzike. Kinamama waliopika pombe ya mtama walitujazia vibuyu bila kutaka malipo. Mrangi akaanza kujifunga kitambaa chekundu kichwani ili watu wamwone kutoka mbali. Tukawa hatuulizani tena kama tutashinda. Tulibishana tutashinda kwa mabao mangapi.

Na mimi nikaanza kuegemea. Katika mchezo wetu wa pili na Buigiri, mpira ulipokaa upande wa pili muda mrefu, niliegemea mti wa goli na kukunja mikono. Watu wakacheka. Mchezo uliofuata nikachuchumaa. Wakacheka zaidi, na nikagundua kwamba kicheko hicho nakipenda kuliko kudaka mpira. Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye jiwe.

Tulialikwa Buigiri siku ya Jumamosi. Bwana stesheni, Mjerumani ambaye hakuwapenda wakubwa wa boma na alifurahi sana tulipowafunga askari wao, alitupa siku nzima na kuturuhusu kupanda gari la mizigo. Tukashuka stesheni ndogo, tukaendelea kwa miguu. Njiani tulipita kijiji cha shemeji wa mmoja wetu, na pale palikuwa na pombe. Watatu walikunywa. Nahodha aliwaona, akatazama kando.

Uwanja wa Buigiri ulikuwa mbele ya shule. Kijiji kizima kilikuwa kimekuja, na miongoni mwao alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama yangu, amesimama na fimbo yake. Mtoto wake, binamu yangu, alikuwa mwanafunzi pale na alicheza mbele. Tulikuwa tukitaniana tangu utotoni. Kabla ya kuanza nilimwambia, "Binamu, leo nimekuja na karanga, maana najua sitakuwa na kazi." Hakujibu. Wote upande wao hawakuzungumza, na mimi nilidhani ni woga.

Filimbi ilikuwa kwa mwalimu wao, Mgogo mwenzetu wa misheni. Ilipolia, wenzangu walikwenda mbele wote, kila mmoja akitaka kufunga yeye. Nikakaa. Watu nyuma ya goli wakaanza kucheka kama nilivyotaka, nami nikageuka nusu kumwambia mmoja wao neno, sikumbuki tena neno gani. Nilisikia kicheko kikikatika. Nilipogeuka mpira ulikuwa umekwisha kunipita. Binamu yangu alikuwa ameupiga kutoka mbali, karibu na katikati ya uwanja, chini chini, wala haukuwa wa nguvu. Mtoto wa miaka minane angeudaka. Karanga zilikuwa bado mkononi.

Tulicheza muda wote uliobaki kwa hasira, na hasira ilituharibia zaidi. Tulitukanana. Mrangi alimnyima mpira kila aliyemwomba, na wale waliokunywa walichoka mapema. Wale wanafunzi, ambao kila mmoja alikaa mahali pake, walitufunga la pili kabla jua halijashuka. Mchezo ulipokwisha walitupa mkono mmoja mmoja, wakatuletea ugali wa uwele na mlenda, wakala nasi bila kutucheka hata kidogo. Mjomba hakuja kunisalimu. Nilimwona akiondoka polepole kuelekea kwake, na sikuwa na uso wa kumfuata.

Njiani maneno yalianza. Uwanja wao una mashimo. Jua lilikuwa machoni. Mwalimu alipiga filimbi kwa kuwapendelea watoto wake. Kila mtu alikuwa na lake, na mimi nililia kuliko wote kuhusu jua, ingawa nilikuwa nimeligeuzia mgongo. Nahodha alitembea mbele peke yake. Tulipofika Dodoma tulikuta habari imetutangulia, kwa kuwa mtu wa stesheni ile ndogo alikuwa ameipeleka kwa waya wa simu, na aliyeipokea alikuwa karani mwenyewe, kwa mkono wake. Alitutazama tukishuka, akaingia ofisini na kufunga mlango.

Jumatatu baada ya kazi nahodha alituita nyuma ya bohari. Tulisimama, tukaanza tena habari za jua na mashimo. Alitusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akauliza, "Siku ya askari, nani kati yenu aliogopa?"

Tukainua mikono wote.

"Na Jumamosi, nani aliogopa?"

Hakuna aliyeinua.

"Hata mimi sikuogopa," akasema. "Niliwaona hawa wakinywa, nikanyamaza. Nilimwona huyu amekaa kwenye jiwe, nikacheka pamoja na watu. Mlipoacha kukimbia asubuhi nilifurahi, maana hata mimi nilikuwa nimechoka kuamka. Basi kosa lianzie kwangu. Kama mnataka nahodha mwingine, semeni sasa."

Nimewaona wakubwa wengi tangu siku ile, Wajerumani na Waingereza na watu wetu wenyewe, na wachache sana niliowasikia wakisema hivyo mbele ya watu wao. Mrangi, ambaye ndiye tuliyemdhani ataondoka kwa hasira, alifungua kitambaa chekundu kichwani akakitia mfukoni.

"Vizuri," akasema nahodha. "Kesho alfajiri, Makole. Asiyekuja, asije tena." Kisha akanigeukia. "Wewe utakimbia nasi. Lakini golini atasimama mwingine, mpaka nikuambie."

Neno hilo liliniuma kuliko mabao mawili. Yule aliyewekwa mahali pangu alikuwa mtu wa bohari, mzuri tu, lakini mfupi. Nilikimbia nao wiki nzima bila kuzungumza na mtu, na Jumapili iliyofuata nikaenda Chamwino kwa mama, nikitumaini kupata huruma.

Nilimkuta uani akipepeta uwele kwa ungo. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kupepeta. Baadaye akasema, bila kuinua kichwa, "Nasikia ulikaa."

"Mama, jua lilikuwa..."

"Sikukuuliza jua. Nimeuliza kama ulikaa."

"Nilikaa."

Akauweka ungo chini. "Kufungwa si kitu. Mimi mchezo wenyewe siujui, na kufungwa kwenu hakunipunguzii uwele. Lakini mtoto wa kaka yangu alisimama mbele yako mbele ya kijiji chake, na wewe ukamkalia na kula karanga. Kaka yangu alikuwepo. Alinitumia maneno, akaniuliza kama tumekosana na hajui."

Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa. Siku zote hizo nilikuwa nikihuzunika kwa ajili yangu mwenyewe.

Mama aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa ya mgando na nguo yake nzuri. "Simama," akasema. "Si mbali."

Tukaenda Buigiri, yeye mbele mimi nyuma, nimebeba kibuyu. Mjomba alikuwa ametoka kanisani, ameketi kwenye kigoda nje ya tembe. Mama alimpa maziwa na kuniachia mimi maneno. Nilipiga magoti. "Shikamoo mjomba. Siku ile nilimkosea binamu, na nilikukosea wewe. Nimekuja kukiri."

Mjomba alikiweka kibuyu kando. "Kumbe ni kosa," akasema. "Mimi nilidhani ndiyo desturi yenu huko mjini, mlinzi wa goli hukaa. Nikasema moyoni, hawa watu wa reli wana raha." Mama akageuka upande, nikajua anacheka. Kisha mjomba akasema kwa sauti nyingine, "Basi, yameisha. Nenda ukamwone mwenzako."

Binamu alikuwa uwanjani, anaokota mawe na kuyatupa kando. Nikamsaidia. Tulipofika mwisho wa uwanja nilimwambia niliyomwambia baba yake. Alisikiliza, akapangusa mikono.

"Unajua kwa nini niliupiga kutoka mbali?" akauliza.

"Kwa sababu nilikuwa nimekaa."

"Hapana. Hatukujua kwamba utakaa. Mara ya pili mlipotufunga, nilikutazama wewe mchezo mzima. Mkitangulia, unaegemea mti. Unatazama watu. Nikamwambia mwalimu. Akasema, basi mpira wa kwanza mtakaoupata mpigeni yule mrefu, kutoka popote, kabla hajakumbuka amekuja kufanya nini. Tulifanya zoezi hilo kila jioni kwa mpira wa matambara, kwa sababu ule wa ngozi Mzungu wa misheni huuweka kabatini. Nimeupiga mpira ule kutoka pale, labda mara elfu."

Nilitazama alipoonyesha. Ilikuwa mbali sana. Mimi nilikuwa nimesema kwamba tulifungwa kwa bahati mbaya, na kumbe wakati sisi tunajaziwa vibuyu, watoto hawa walikuwa hapa kila jioni wakinisoma.

"Mtarudiana nasi?" akauliza.

"Tutarudiana. Mje Dodoma."

"Basi usikae tena, binamu. Nataka nikufunge umesimama."

Nilirudi Dodoma nikamweleza nahodha yote, hata yale ya karanga aliyokuwa hajui. Kesho yake alibadilisha mazoezi. Tulicheza sisi kwa sisi, na katikati ya mchezo alipiga kelele tusimame. Tukasimama kama tulivyo. Akamwendea mmoja akamwuliza, "Nani yuko nyuma yako? Usigeuke." Akijua, tuliendelea. Asipojua, sote tulikimbia mpaka kwenye mnara wa maji na kurudi. Siku za mwanzo tulikimbia sana. Wengine walinung'unika kwamba wanaadhibiwa kwa kosa la mwingine. Mrangi ndiye aliyewajibu. "Kule Buigiri tulifungwa sote," akasema. "Au kuna aliyebaki bila kufungwa?"

Mimi sikuwa na goli la kulinda, kwa hiyo nilicheza popote walipopungukiwa. Siku moja nilimwuliza nahodha anafanyaje akili yake isitangetange. Hakuwa mtu wa kueleza. Alichofanya ni kuniombea ruhusa kwa dereva, nikapanda injini mpaka Saranda na kurudi. Wakati wa kurudi, penye mlima, nilimwona akitia kuni, akitazama saa ya kupimia mvuke, akitia tena. Pundamilia walikuwa wengi pembeni ya reli, na mimi niliwatazama, kwa sababu nani asingewatazama. Yeye hakugeuka hata mara moja. Tulipofika juu alipangusa jasho akasema, "Mwaka wangu wa kwanza niliwatazama hao. Mvuke ukashuka, tukasimama katikati ya mlima, abiria wote wakashuka kutembea. Niliisikia aibu ile katika vishindo vya miguu yao."

Nilifikiri sana juu ya jambo hilo, na nikagundua kwamba kutazama nilikuwa nakujua tangu zamani. Nilipokuwa nachunga, baba alinifundisha nisiwatazame ng'ombe kama kundi, niwahesabu mmoja mmoja, na nikimaliza nianze upya, kutwa nzima. Anayehesabu hapati nafasi ya kuota. Nikaanza kuwahesabu wachezaji. Wa upande wa pili, kumi na mmoja. Nikimaliza, naanza tena. Nilipokosa mmoja nilimtafuta mpaka nikampata. Mwanzoni kichwa kiliniuma kwa kazi hiyo. Baada ya wiki kadhaa ikawa inakwenda yenyewe.

Buigiri walikuja kabla mvua hazijaanza. Tuliwapokea stesheni, tukawabebea mizigo, na mama na mjomba walikuja pamoja nao, mjomba akishika ukuta wa behewa mpaka liliposimama kabisa. Asubuhi ile, tulipokuwa tunanyoosha miguu, nahodha alipita mbele yangu akasema, "Leo wewe." Basi. Nikajua nimerudi. Yule mtu wa bohari alinipa mkono, na sitasahau kwamba alifanya hivyo.

Dodoma nzima ilikuwa uwanjani. Hata askari walikuja, wakasimama upande wetu, na shaushi wao alikuwa mbele. Filimbi ilikuwa kwa karani wetu, na mwalimu wa Buigiri alikubali kwa sharti kwamba asivae koti jeusi, maana vijana wake hawakuwahi kuona mtu wa namna hiyo akikimbia. Karani akavua koti, watu wakampigia makofi.

Ulikuwa mchezo mgumu kuliko ule wa askari. Wale vijana hawakuwa wamelewa ushindi wao. Walikuja vilevile, kimya, kila mtu mahali pake. Tofauti ilikuwa upande wetu. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Mtu akipoteza mpira, wa karibu alimwambia, "Sogea," naye akasogea. Nusu ya kwanza ilikwisha bila bao. Katika nusu ya pili Mrangi alipata mpira pembeni, akakimbia kama zamani, na alipofika mbele ya goli, mahali ambapo siku zote alipiga mwenyewe, alimsukumia nahodha. Nahodha akafunga.

Watu walipiga kelele mpaka punda wa Wahindi wakakata kamba. Wenzangu walianza kukimbiliana. Nahodha aliinua mkono tu, na kila mtu akarudi mahali pake. Nilikuwa golini, mbali, nikiwatazama migongo yao wakirudi kwa mwendo wa kawaida, na moyo wangu ulijaa namna ambayo haukujaa siku tuliyowashinda askari. Kisha nikaacha kufurahi, nikaanza kuhesabu.

Walitushambulia mpaka mwisho. Karibu na kumalizika nilihesabu nikapata kumi. Nikarudia, kumi. Binamu yangu hakuwepo. Nikamtafuta, nikamwona amejificha nyuma ya beki wetu wa kulia, na sekunde ileile mpira ukaenda huko. Kama ningemwona baada ya mpira kumfikia ningechelewa. Nilikuwa nimekwisha kuondoka. Aliupiga kwa nguvu zote, nikauparaza kwa ncha za vidole, ukagonga mti wa goli na kurudi, nikaulalia kifudifudi kwenye vumbi. Nilikaa chini ya miguu ya watu mpaka karani alipopiga filimbi ya mwisho.

Binamu ndiye aliyeninyanyua. Alikuwa analia, lakini aliniambia, "Safari hii ulikuwa umesimama." Nikamwambia, "Nilikutafuta sana." Tukatoka uwanjani tumeshikana mikono, kama tulivyotoka malishoni tulipokuwa wadogo.

Hatukucheza ngoma siku ile. Nahodha alichukua mtungi akawamiminia wageni maji mmoja mmoja, na sisi tukafuata kwa chakula. Mwalimu wa Buigiri alimwuliza anawafundishaje watu wake, naye akajibu, "Nyinyi ndio mliotufundisha." Mjomba alimwambia mama, kwa sauti ya kunifikia, kwamba sasa ameuelewa mchezo, na kwamba mlinzi akisimama unapendeza zaidi.

Mwaka ule tulifungwa tena mara moja, na timu ya watu wa reli waliotoka Morogoro. Walituzidi, walikuwa wazuri kweli. Tuliwapa mkono, tukarudi kwenye mabanda yetu tukalala, na alfajiri tulikuwa njiani. Hakuna aliyetaja jua.

Kisha vita vya Mjerumani na Mwingereza vikaja. Gari moshi likajaa askari na wapagazi. Bwana stesheni aliondoka, karani akafungwa kwa kuwa alihesabiwa mtu wa upande wa Waingereza, na walimu wa misheni wakakamatwa, yule wa filimbi akiwa mmoja wao. Nahodha alichukuliwa kuwa mpagazi tena, kazi aliyodhani ameiacha ujanani, akaenda kusini na hakurudi. Mrangi alirudi Kondoa akafungua duka, na nilimtembelea mara mbili kabla hajafa. Binamu aliteseka wakati wa vita lakini aliishi, akawa mwalimu Buigiri mpaka uzee wake. Mimi nilibaki relini, chini ya Mjerumani na kisha chini ya Mwingereza, mpaka mgongo uliponikataa.

Nimefanya kazi na watu wengi hodari baada ya hao. Wengi walijua kushinda tu. Wale kumi niliocheza nao waliambiwa makosa yao nyuma ya bohari, wakati wa jioni, wakiwa wamechoka kwa kazi, na asubuhi yake walikuwepo Makole wote kabla jua halijatoka. Nami nilikuwa pamoja nao.